Kazi za Nyumbani: Amana au Maonevu?



Liko jambo limekaa katika nyumba zetu kama mchanga katika wali. Kila mtu linamkwaruza meno, na hakuna anayesema. Jambo lenyewe ni kazi za nyumbani wanazopewa watoto wetu shuleni. Mwalimu humpa mtoto hesabu akazifanyie nyumbani. Asubuhi mtoto hurudi hana kitu, au hurudi na hesabu zilizoandikwa na mkono wa dada yake. Mwalimu humchapa, au hazitazami kabisa. Baba barazani husema, "Waalimu wa siku hizi hawafai." Mwalimu naye husema, "Wazazi wa hapa hawana habari na watoto wao." Na mtoto aliye katikati hujifunza somo moja tu, lisilokuwamo katika vitabu vyake: hujifunza kusema uongo.

Makala haya hayakuja kumfurahisha mtu. Yamekuja kusema wazi kwamba kazi ya nyumbani ni amana baina ya watu watatu, mwalimu, mzazi na mtoto. Na kwamba katika hao watatu, walioikhini ni wawili wakubwa, na anayepigwa ni yule mdogo.

SIKU YA MTOTO WA MLINGOTINI

Tusiseme hewani. Tutazame Mlingotini, kijiji cha mikoko na mwani kusini ya mji wa Bagamoyo, jirani na Kaole. Pale Kaole pana magofu ya misikiti miwili, na mmoja katika hiyo wanahistoria huuweka katika karne ya 13. Yaani watu wa upande huu walikuwa wakielekea kibla na kukisoma Kitabu cha Mwenyezi Mungu zaidi ya miaka 700 iliyopita. Hatuzungumzi basi na watu waliokuja jana katika habari ya elimu.

Mtoto wa kijiji kama hiki huamka alfajiri. Huenda shule na chai ya rangi tumboni, pengine bila ya hiyo. Mchana akirudi hula alichokikuta, kisha huenda chuoni mpaka jua linapokaribia kuchwa. Baina ya hapo kuna ndoo za maji, kuna kuni, kuna mdogo wake wa kubembeleza, na kuna dukani kwa kutumwa mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mama alisahau chumvi. Siku za bamvua kazi huzidi. Maji yakipwa sana asubuhi, mama huwa kwenye kamba zake za mwani, na akirudi pana mbegu za kufunga, pana mwani wa kuanika, na wa kufunikwa mvua ikija. Baba kama ni mvuvi, naye ana saa zake za bahari, zisizojua saa za shule.

Katika siku kama hiyo mwalimu huandika ubaoni hesabu 30, akasema, "Zote kesho," akaenda zake. Tujiulize: mtoto huyu atazifanya saa ngapi? Kwa taa gani? Ameweka daftari juu ya nini? Atakapokwama atamwuliza nani? Mwalimu hakuuliza maswali haya. Mzazi naye hakuyauliza. Wote wawili wamemwachia mtoto wa miaka 10 ayajibu peke yake, na asipoyajibu huitwa mvivu.

Na mtoto akiwa wa kike, dhulma huwa maradufu. Kaka yake akishakula husogea barazani. Yeye hubaki na sufuria, na masizi, na mdogo anayelia. Daftari lake hulifungua watu wakishalala, naye mwenyewe macho yamejaa usingizi. Kisha matokeo yakitoka tunasema wasichana hawana kichwa cha hesabu. Kichwa anacho, tulichomnyima ni saa.

BABU ZETU WALIKUWA NA KAZI ZA NYUMBANI

Wako wanaodhani kwamba jambo hili limekuja na shule za kizungu. Si kweli. Kila aliyekaa juu ya mkeka wa chuo anajua. Mwalimu alimwandikia mtoto somo lake juu ya ubao, akamsomea, akamsomesha mpaka ulimi wake umelainika. Mtoto akaenda nalo nyumbani akilidurusu. Kesho yake alikaa mbele ya mwalimu akalisoma la jana kwanza, na mwalimu akamsikiliza. Akikosea, alirudishwa. Ubao haukuoshwa mpaka kilichoandikwa juu yake kimeingia moyoni, ndipo kikaandikwa kingine.

Ndani ya desturi hii mna mambo matatu makubwa. Kwanza, mtoto alipewa kiasi chake, si kiasi cha mwenzake. Pili, alipewa kitu ambacho mwalimu alikwisha mfundisha, si kitu cha kwenda kukitafuta gizani. Tatu, kesho yake alisikilizwa, yeye mwenyewe, kwa sikio la mwalimu. Likikosekana moja katika haya matatu, hapana kazi ya nyumbani. Pana karatasi iliyochafuliwa wino.

Na haya si maneno ya barazani tu. Imam Burhanuddin Az-Zarnuji, aliyeishi yapata miaka 800 iliyopita, aliandika kitabu juu ya adabu za mwenye kutafuta elimu, Taalim al-Mutaallim, kinachosomwa mpaka leo katika nchi nyingi za Kiislamu. Huyu aliagiza kwamba somo la anayeanza liwe kiasi anachoweza kukidhibiti kwa kukirudia mara mbili, kisha liongezwe kidogo kidogo kwa upole. Akaagiza la jana lirudiwe mara 5, la juzi mara 4, la kabla yake mara 3, kisha mara 2, kisha mara 1. Akamkataza mwanafunzi asiandike kitu asichokifahamu. Angalia, ndugu msomaji! Mwanachuoni huyu hakuhesabu kurasa. Alihesabu kilichobaki kichwani.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri wa kupumzisha nafsi, kwani kumzuilia mchezo na kumbana na masomo daima huufisha moyo wake na kuizima akili yake, mpaka akatafuta hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alionya kwamba ukali juu ya wanafunzi, khasa wadogo, huwafunza uongo na unafiki, kwa kuwa mtoto hudhihirisha kisichokuwa moyoni mwake apate kuuepuka mkono ulioinuliwa juu yake.

Tumewasoma wakubwa hawa? Basi mbona tunatenda kinyume chao, kisha tukaita kinyume hicho "bidii"?

WINGI SI UZURI

Uko ugonjwa umeingia kwa wazazi wenyewe, khasa mijini, nao sasa unashuka vijijini. Mzazi huipima shule kwa uzito wa begi. Mtoto akirudi na kazi nyingi, "shule ile ni nzuri". Akirudi na kazi chache, "shule ile wanacheza tu". Waalimu wamekwisha tujua, nao hutupa tunachokitaka.

Lakini waliolichungua jambo hili hawakukuta hivyo. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake, walikusanya uchunguzi uliofanywa nchini kwao tangu 1987 mpaka 2003, wakatoa matokeo mwaka 2006. Walikuta kwamba kazi za nyumbani zina uhusiano na kufaulu, lakini uhusiano huo una nguvu kwa wanafunzi wakubwa wa sekondari, na kwa watoto wadogo ni dhaifu. Tena hata kwa wakubwa, kazi ikizidi kiasi faida hukoma. Na kule Marekani waalimu wengi hufuata kipimo chepesi: dakika 10 kwa kila darasa. Darasa la 1 dakika 10, darasa la 4 dakika 40, darasa la 7 dakika 70.

Nchi kubwa nazo zimelipigia marufuku lililozidi. Ufaransa ilitoa waraka mwaka 1956 kukataza kazi za kuandika nyumbani kwa watoto wa shule za msingi. Ya kusoma na kuhifadhi hayakukatazwa. China mwaka 2021 iliamuru kwamba watoto wa darasa la 1 na la 2 wasipewe kazi ya kuandika nyumbani, na wa darasa la 3 mpaka la 6 isizidi dakika 60. Hao si watu wavivu. Hakuna anayeweza kusema kwamba China haijali mitihani. Wamefika mahali wakaona mtoto anaumia, wakasema basi.

Sasa chukua kile kipimo cha dakika 10, ukiweke juu ya siku yetu sisi Waislamu wa pwani. Baina ya magharibi na isha hapa kwetu pana kama saa moja na robo. Toa dakika za sala, na bado mtoto wa darasa la 5 anapata muda wake wote uliomtosha, na wa darasa la 7 anakaribia kuumaliza. Subhanallah! Mwenyezi Mungu ameigawa siku yetu kwa sala tano, na baina ya sala mbili ikatoka saa ya daftari, tayari, bila ya kuombwa. Ni saa hiyo hiyo ambayo wazee wetu waliikalia darsa misikitini. Sisi tumeifanya nini? Tumeipa televisheni na simu.

MWALIMU, LIPA UJIRA WA MTOTO

Nawageukia waalimu, na nawageukia kwa heshima, kwani najua mzigo wao. Mtume wetu (S.A.W.) alituamuru tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mtoto aliyekesha na hesabu zako ni mfanyakazi wako. Ujira wake si fedha. Ujira wake ni jicho lako: ulitazame daftari lake, uweke alama, umwambie hapa umepata na hapa umekosa, na sababu ya kukosa ni hii. Ukimpa kazi leo, na kesho ukapita bila ya kuitazama, umemdhulumu ujira. Ukifanya hivyo mara tatu, atakuwa amekwisha jua kwamba neno lako halina maana. Mara ya nne hatafanya, na utamchapa kwa somo ulilomfundisha mwenyewe.

Utasema, "Darasa langu lina watoto 80, nitasahihisha vipi?" Swali ni la haki, na jibu lake ni jepesi. Usitoe hesabu 30, toa 3. Moja nyepesi ya kumpa moyo, moja ya kiasi, na moja ya kumfikirisha. Asubuhi kabla ya somo jipya, watoto wabadilishane madaftari, majibu yaandikwe ubaoni, kila mmoja amsahihishe mwenziwe. Kisha wewe chukua safu moja tu kwa siku, uyatazame madaftari ya safu hiyo kwa jicho lako mwenyewe. Kesho safu nyingine. Katika wiki moja au mbili kila mtoto atakuwa amepata jicho lako, na hapana atakayejua siku yake ni ipi. Hesabu 3 zilizotazamwa ni bora kuliko 30 zilizotupwa.

Wala usitoe nyumbani kitu usichokifundisha darasani. Mwalimu anayekosa muda wa kumaliza sura ya kitabu, akasema "malizieni nyumbani", amemhamishia mama muuza vitumbua kazi ya ualimu. Mama huyo hakuisomea, wala hakuajiriwa kwayo.

Na jambo jingine, usimpe mtoto kazi ya nyumbani kuwa ni adhabu. Ukimwadhibu mtoto kwa kumwandikisha sentensi 100, umemfundisha kwamba kuandika ni mateso. Utamlaumuje akiichukia kalamu?

MZAZI, ITAZAME NAFAKA YAKO

Sasa zamu yetu sisi wazazi, na hapa ndipo palipo na uchungu.

Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akakuta rundo la nafaka. Akaingiza mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta umande. Akamwuliza mwenye nafaka, ni nini hii? Akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akasema wazi kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Ndugu msomaji, daftari la mtoto wako ni lile rundo la nafaka. Juu ni kavu: mistari imenyooka, majibu yote ni sahihi, alama nyekundu zimejaa. Ingiza mkono ndani. Mwambie mtoto afunge daftari, akueleze hesabu moja kwa mdomo wake. Utakuta maji. Hesabu zile zilifanywa na kaka wa kidato cha 3, au zilinakiliwa njiani kwa mwenzake chini ya mwembe, au siku hizi zimepigwa picha na simu, na simu ikatoa jibu kabla mtoto hajalimaliza kulisoma swali. Nawe baba uliona, ukafurahi kwamba mtoto "amemaliza". Umemaliza nini? Umemfunza ghishi nyumbani kwako, chini ya dari yako, kwa kalamu uliyoinunua wewe. Kesho akiwa mfanyabiashara akatia maji kwenye maziwa, akiwa karani akaghushi hesabu za watu, usiulize alijifunza wapi.

Majirani zetu wa Kenya wamelipitia hili mbele yetu. Mtaala wao mpya wa umilisi, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, ulitaka mzazi ashiriki katika masomo ya mtoto. Nia ilikuwa njema. Lakini wazazi wengi walilalamika kwamba kazi za watoto zimekuwa kazi zao: kununua vifaa, kutafuta picha za kuchapisha, kukata na kubandika usiku baada ya kutoka kazini. Mwezi wa Septemba 2021 jambo la mtaala huo lilifika mpaka Mahakama Kuu, na mwaka 2022 Rais William Ruto aliunda jopo la kuutazama upya mfumo wa elimu. Somo kwetu ni hili: kushiriki kwa mzazi si kuishika kalamu. Mzazi akiishika kalamu, aliyenacho hununua alama, na asiyenacho hufedheheka, na katika wote wawili hapana mtoto aliyejifunza.

Basi mzazi ashiriki kwa nini? Kwa mambo ambayo hayataki cheti. Mpe mtoto saa yake. Mpe mahali: jamvi safi, na kibao au sanduku la kuandikia juu yake. Mpe mwanga. Nyamazisha televisheni. Kisha mwulize maswali matatu: Leo mmefundishwa nini? Umepewa nini? Nieleze mimi moja.

Utasema, "Mimi sikusoma, nitajuaje kama anakosea?" Huna haja ya kujua. Mtoto aliyefahamu hueleza. Asiyefahamu huzungukazunguka, na hata mama asiyejua kusoma humwona mwanawe anapozungukazunguka. Utasema, "Wa sekondari masomo yake ni kwa Kiingereza, nami sikijui." Mwambie akueleze kwa Kiswahili. Ikiwa amekariri tu maneno ya kigeni bila ya maana, ataduwaa papo hapo, nawe utakuwa umemsaidia kuliko mwalimu wa kulipwa wa jioni. Akikwama, usimpe jibu. Mwambie aandike chini ya hesabu ile, "Mwalimu, hapa sikuelewa," kisha akalale. Maneno hayo matatu ya kweli yana thamani mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya mwalimu mwenye akili kuliko ukurasa mzima wa uongo ulionyooka.

WATASEMA

Watasema wako, na tuwajibu.

Watasema, "Maisha ni magumu, mtoto lazima asaidie nyumbani." Hatukukataa. Mtoto asiyechota maji wala kuosha kombe alilonywea ni mtoto aliyeharibiwa, na kuwatumikia wazazi ni katika wema tulioamrishwa. Lakini saa moja katika saa 24 haiwezi kuiangusha nyumba. Na kazi hizo zigawanywe sawa baina ya wavulana na wasichana, Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akishona nguo yake na kuwatumikia watu wa nyumbani kwake, seuze kijana wako wa darasa la 6.

Watasema, "Shule ni mambo ya dunia, chuo ndicho chenye akhera, mtoto akichoka aache daftari la shule." Maneno haya yana historia, na tusiidharau. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakajenga misheni na shule, na kwa muda mrefu wazee wetu waliogopa kwamba mtoto akienda kuchukua kalamu atarudi na jina jingine. Hofu ile ilikuwa na sababu yake. Lakini hata zama zile wanavyuoni hawakusema tuikimbie elimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliwahimiza Waislamu katika maandishi yake ya miaka ya 1930 washike elimu ya dini na ya zama zao pamoja. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyetuachia tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, alikuwa mwalimu wa shule za serikali Unguja kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Na juu ya wote, mateka wa Badr waliojua kuandika waliachiliwa kwa fidia ya kuwafundisha watoto wa Madina, nao walikuwa washirikina. Kalamu ilichukuliwa hata mkononi mwa adui. Atakayemwambia mtoto aache hesabu kwa jina la dini, aseme hayo kwa jina lake mwenyewe, asiisingizie dini.

Na watasema wengine kinyume chake: "Mwaka wa mtihani huu, mtoto aache chuo kwanza." Hawa nao wamepotea. Mtoto haelemewi na chuo. Anaelemewa na wakubwa wasiosemezana. Mwalimu wa shule hajui mtoto amepewa sura gani ya kuhifadhi. Mwalimu wa chuo hajui mtoto ana jaribio kesho. Wote wawili wanaishi kijiji kimoja, wanasali safu moja Ijumaa, wananunua samaki kwa mchuuzi mmoja. Ni jambo gani linalowazuia kuzungumza?

LA KUFANYA

Tusiondoke bila ya la kufanya, maana kulaumu peke yake ni rahisi.

Kwanza, kila kijiji na kila mtaa, wazazi, waalimu wa shule na waalimu wa vyuo wakae kikao kimoja mwanzo wa muhula, wapatane: baina ya magharibi na isha ni saa ya daftari. Mtoto hatumwi dukani. Akipewa mengi ya chuoni siku hiyo, ya shule yapunguzwe, na kinyume chake.

Pili, waalimu waitazame bahari. Bamvua linajulikana: huja karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu. Kwa hiyo kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani kwa sababu ya funga na sala inamwambia mwalimu wa Mlingotini mambo ya shule pia. Siku za kuzunguka tarehe 1 na tarehe 15, mama yuko kwenye mwani na mtoto ana mikono miwili tu. Toa kazi ya kusoma au usitoe. Siku za maji mafu, kuzunguka tarehe 8 na 22, nyumba ina nafasi. Hapo toa hesabu za kuandika. Kalenda hiyo haina gharama, wala haihitaji mgeni wa kutoka makao makuu kuja kuifundisha.

Tatu, misikiti yenye taa iwafungulie watoto baraza baada ya magharibi. Taa ile inawaka kwa sadaka ya watu, na haitapungukiwa thawabu kwa kumulika daftari. Asimamie kijana mmoja wa sekondari, asiwape majibu, awaulize tu. Na watoto wa kike wasisahauliwe: itafutwe nyumba ya mama mmoja mwenye heshima na mwanga, wakae hapo kwa amani, kisha wasindikizwe makwao.

Nne, mwalimu mkuu ayakague madaftari, akitafuta alama za waalimu kabla ya makosa ya watoto. Darasa ambalo kazi hutolewa na hazisahihishwi, ni heri zisitolewe kabisa.

Mtu hahitaji mfadhili kwa haya. Yanahitaji wakubwa waone haya mbele ya mtoto.

Ndugu msomaji, kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hatutaulizwa mtoto alipewa hesabu ngapi. Tutaulizwa kama tulimpa nafasi ya kujifunza, na kama tulimlea juu ya kweli. Usiku wa leo, baada ya sala ya magharibi, zima televisheni, mwite mwanao, na umwambie, "Nieleze moja." Kisha nyamaza umsikilize.

Mwenyezi Mungu awape waalimu wetu subira na riziki ya halali, awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atuepushe sisi wazazi na kuwa wa kwanza kuwafunza udanganyifu. Amin.